Sproketi ya meno 45

Leo ni siku ya tisa tangu nifunge sproketi mpya ya nyuma, lile duara la chuma lenye meno linalovutwa na cheni, kwenye pikipiki yangu. Nimeshapanda nayo Magamba mara kumi na moja, na mara nne kati ya hizo nilikuwa na mzigo kamili. Vidole bado vina michubuko ya jiwe la kunolea. Naandika mapema kabla sijasahau vipimo, maana hii ni mara ya pili nafunga sproketi ndani ya miezi mitatu, na ile ya kwanza iliniharibikia kwa sababu ya kitu ambacho pale kijiweni kwetu hakuna anayekipima: tundu la katikati.

Kwa asiyeijua Lushoto, ukitoka Mombo unapanda lami ya kona tupu kama kilomita 33 mpaka mjini, na ukifika uko karibu mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Kazi yangu mimi iko juu zaidi ya hapo, Magamba na kuendelea mbele kuelekea Lukozi, kwenye vijia vya mashambani ambako udongo mwekundu ukilowa unateleza kama mlenda. Nabeba viazi, karoti na kabichi, na msimu wa matunda ukifika nabeba matenga ya peasi. Mara nyingi mzigo unapanda na mwenye mzigo anapanda.

Pikipiki ni ya Kichina, 125, injini ya mtindo ule wa CG ambao Honda waliuanzisha mwaka 1976, ile ya fito za kusukuma valvu. Kwa uvumilivu injini hii naipenda sana. Ila gia ilizokuja nazo ni za mtu anayeishi tambarare: meno 15 mbele, 41 nyuma. Ukiwa na gunia la viazi kwenye mwinuko mkali, gia ya pili inakufa na ya kwanza inalia mpaka unaionea huruma. Kwa hiyo ukibadilisha sproketi huku milimani huwezi kununua tu inayofanana na ya zamani. Unapata nafasi ya kuuliza kama ya zamani ilikufaa.

Nianze na ile iliyoniharibikia.

Mwezi wa tatu nilinunua sproketi ya meno 41 haraka haraka, mvua zilikuwa zimeanza na sikutaka kulaza kazi. Nilipoiweka kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, niliona inacheza. Tundu lake lilikuwa pana kuliko shingo ya habu, ile duara inayochomoza katikati ambayo sproketi inavaa kabla hujafunga bolti. Nikamrudia muuzaji, akaniambia, "Hiyo haina shida, bolti ndizo zinazoshika." Maneno yalikuwa na sura ya ukweli. Nikafunga.

Bolti hazishiki. Narudia kwa sababu nasikia neno hili kila wiki. Kwenye habu ya aina yangu bolti nne za sproketi zimekaa ndani ya raba, na raba zimewekwa makusudi ili ukiachia klachi kwa nguvu mshtuko ufie humo, usifike kwenye cheni na gia. Sasa kitu kilichokaa kwenye raba kitaishikaje sproketi isihame? Kazi ya bolti ni kusukuma gurudumu lizunguke. Kazi ya kuweka katikati ni ya shingo ya habu na tundu la sproketi, basi. Tundu likizidi shingo kwa milimita moja na nusu, sproketi inahama robo tatu ya milimita kutoka katikati, na hapo inazunguka kama yai.

Robo tatu ya milimita mtu ataona si kitu. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, zungusha gurudumu polepole huku umeweka kidole kwenye cheni ya chini, uone. Kwangu upande mmoja cheni ilikuwa inacheza vidole vitatu, na nusu mzunguko mbele inacheza kidole kimoja kwa shida. Mimi nikawa naikaza pale ilipolegea. Matokeo yake, kila gurudumu likizunguka mara moja, kuna mahali cheni inakazika kama waya wa gitaa na kuvuta beringi za gurudumu na za shafti ya mbele. Nilikuwa naisikia, "nguu, nguu, nguu," nikadhani ni tairi.

Katikati ya mwezi wa tano ilikatika. Ilikuwa Alhamisi, nyuma nina mama mmoja, mteja wangu wa siku zote za soko, na viroba viwili vya karoti. Kona ya mwisho kabla ya Magamba, gia ya pili, nikasikia mlio mkavu mmoja kama mtu kavunja fito kwenye goti. Injini ikapaa. Pikipiki ikasimama, halafu ikaanza kurudi. Kwenye mlima ukiwa na uzito wote nyuma, breki ya mbele haikusaidii sana, gurudumu linakokoteka tu. Nikakanyaga ya nyuma kwa nguvu zote, mguu wa kushoto chini, nikamwambia, "Mama, shuka kushoto, taratibu." Akashuka. Kiroba kimoja kikapasuka na karoti zikateremka barabarani mpaka kwenye mtaro. Tulipokuwa tunaokota akaniuliza, kwa upole kabisa, "Mwanangu, hiki chuma huwa hukiangalii?"

Neno lile liliniingia. Nilikuwa nakiangalia kila asubuhi.

Jioni nilifungua kila kitu nikapanga barazani juu ya gunia. Cheni nilipima kama inavyotakiwa: niliivuta ikanyooka, nikahesabu pingili 20, nikaweka rula kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya pini ya mwisho. Cheni za namba 428, ambazo ndizo za pikipiki nyingi tunazopanda, zina milimita 12.7 kutoka pini hadi pini, kwa hiyo pingili 20 mpya ni milimita 254. Ikifika 259 imeshatanuka asilimia mbili na haifai. Yangu ilisoma 262. Sproketi nayo meno yake yalikuwa yamelala upande mmoja kama majani yaliyopigwa na upepo, lakini hayakulala sawa. Robo moja ya duara yalikuwa yameliwa vibaya, na robo ya ng'ambo karibu mapya. Hapo ndipo nilipoliona lile yai kwa macho.

Sasa kuchagua. Nilikuwa na njia tatu.

Ya kwanza ni ile wanayoifanya wengi, kuacha ya nyuma na kuweka ndogo ya meno 14 mbele. Ni rahisi na haigusi urefu wa cheni. Ukigawanya 41 kwa 14 unapata 2.93, wakati 41 kwa 15 ni 2.73, kwa hiyo jino moja la mbele ni sawa na meno matatu ya nyuma. Niliwahi kuitumia mwaka juzi. Ninachoikataa ni kwamba sproketi ndogo inaikunja cheni kwa pembe kali zaidi na inashika pingili chache, kwa hiyo zote mbili zinakwisha upesi, na ile raba inayokinga uma wa nyuma inasuguliwa na cheni maana cheni imeshuka karibu zaidi. Yangu ilitobolewa ndani ya msimu mmoja.

Ya pili ilikuwa meno 43 nyuma. Ni nzuri kwa mtu wa mjini anayepanda mlima mara moja moja. Ya tatu meno 45, ambayo kwa 15 za mbele inatoa 3 kamili. Mwendo wa injini uliokuwa unanipa 60 kwenye gia ya juu sasa utanipa karibu 55. (Mshale wa mwendo kwenye pikipiki hii unasoma kutoka gurudumu la mbele, kwa hiyo haudanganyi ukibadilisha ya nyuma.) Kilomita tano za mwendo huku kwetu sizihitaji. Ninachohitaji ni gia ya pili ipande, na jambo ambalo watu hawalitaji, gia ya pili ishikilie wakati wa kushuka. Kushuka kwenda Mombo na mzigo, kinachokuokoa ni injini. Breki za ngoma zikipata moto zinalegea mkononi mwako. Meno yakiongezeka nyuma, injini inapata nguvu zaidi ya kukushikilia. Nikaamua 45.

Ukiongeza meno manne nyuma, cheni inadai pingili mbili zaidi. Ya zamani ilikuwa 116, nikahitaji 118. Ningeweza kusogeza gurudumu mbele badala yake, lakini kwa pingili mbili ungelisogeza karibu milimita 12.7, na mimi nafasi hiyo sikuwa nayo.

Hapa kuna kitu kilichonifurahisha. Binti yangu yuko darasa la tano na jioni ile alikuwa na mazoezi ya Kigawo Kikubwa cha Shirika (KKS), namba kubwa kuliko zote inayogawanya namba mbili bila baki. Nikamwambia, "Hebu nitafutie KKS ya 45 na 118." Akaandika kwa chaki sakafuni, akasema, "Baba, ni moja." Nikamwambia atafute ya 45 na 120. Akasema 15. Basi nikamwonyesha maana yake kwenye chuma. Cheni ya pingili 120 kwenye meno 45, kila jino litakutana na pingili zilezile nane maisha yake yote. Jino moja likiwa na kasoro, linazitafuna hizo nane tu. Lakini kwa pingili 118 kila jino litakutana na kila pingili kwa zamu, na ulaji unagawanyika sawa. Alishangaa kwamba KKS inakaa kwenye pikipiki. Na mimi nilikuwa nimesoma hesabu hiyo miaka ishirini iliyopita bila mtu kuniambia.

Madukani Lushoto nilipata za meno 38 na 41 tu. Ya 45 niliipata Korogwe, kwenye duka la spea ambalo mwenyewe alinipandia ngazi hadi rafu ya juu kabisa. Niliikagua hapohapo kaunta. Nilipitisha kwanza kipande cha cheni ya 428 nilichokwenda nacho, maana kuna sproketi za 420 ambazo umbali wa meno ni uleule wa milimita 12.7 lakini jino ni jembamba. Cheni ya 428 ina nafasi ya karibu milimita 7.9 ndani, ya 420 ni 6.35. Ukifunga ya 420 kwenye cheni ya 428 inazunguka bila kelele siku ya kwanza, halafu inaanza kuyumba kushoto na kulia. Hii ilikuwa ya 428 kweli. Nikalaza sproketi ya zamani juu yake nikachungulia matundu ya bolti: manne yote yalilingana, mwanga ulipita sawa.

Kisha tupa. Natembea na tupa ndogo ya pembe tatu mfukoni ninapokwenda kununua chuma, na muuzaji muungwana hakatazi. Niliipitisha kidogo kwenye ncha ya jino moja, ikateleza kama juu ya kioo. Nikaipitisha kwenye ubavu karibu na tundu la katikati, ikauma na kutoa unga. Hivyo ndivyo inavyotakiwa: meno yamechomwa na kupozwa yakawa magumu, mwili umeachwa laini usivunjike. Kwenye hii kulikuwa hata na utepe wa rangi ya bluu iliyofifia kuzunguka duara chini ya meno, alama ya moto ule. Tupa ikiuma kwenye jino kama kwenye msumari, rudisha. Hata kama bei ni nusu.

Tatizo likabaki moja. Tundu lilikuwa milimita 56. Shingo ya habu yangu nilikuwa nimeipima kwa venia, 57.9. Muuzaji akasema nipeleke kwa wachomeleaji walipanue kwa grenda. Nilimshukuru, nikalipa, nikaenda kutafuta mashine ya kukereza.

Tundu dogo ni bahati. Pana huwezi kulirudisha, lakini dogo linatengenezeka likawa sahihi kuliko lilivyotoka kiwandani. Lakini si kwa grenda. Mkono wa mtu hauwezi kuchonga duara, utapata pembe nyingi zinazofanana na duara, na sproketi itakaa popote inapojisikia. Wala usikubali mtu akate katikati ya sproketi ya zamani aichomelee kwenye mpya. Moto wa kuchomelea unapinda bamba, na ukifika kwenye meno unaua ule ugumu uliolipia.

Fundi niliyempata ni mzee, karakana yake iko nyuma ya nyumba, mashine yenyewe ya kijani imepauka na imeandikwa maneno ya nchi nisiyoijua. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." "Marahaba kijana, umeleta nini?" Akaipokea sproketi kwa mikono miwili, akaigeuza, akahesabu meno kwa midomo bila sauti. Halafu akasema, "Arobaini na tano. Nzuri. Inagawanyika kwa tatu."

Sikuelewa mpaka alipoifunga. Mdomo wa mashine yake una taya tatu. Meno 45 ukigawa kwa tatu ni 15, kwa hiyo taya zote tatu zinashika meno mahali palepale, kila moja kwenye ncha. Ingekuwa 43, taya moja ingegusa ncha na nyingine ingeangukia bondeni, na angelazimika kuifunga kwenye mdomo wa taya nne na kuihangaikia kila upande.

Hata hivyo hakuziamini taya. Akachukua biti ya drili ya milimita 8.5, akaulaza mkia wake kwenye bonde kati ya meno mawili, na juu yake akagusisha saa ya kupimia, ile yenye mshale. "Rola ya cheni yako ni nane na nusu," akaniambia, "cheni inakaa bondeni, haikai kwenye ncha. Kwa hiyo katikati tunaitafuta kwa bonde." Akazungusha kwa mkono, akahamisha biti bonde jingine, akasoma, akazungusha tena. Alipima mabonde sita. Mahali fulani mshale ulihama zaidi, akalegeza, akagonga ukingo kwa nyundo ya mpira mara moja, pigo dogo kama la kubisha hodi, akakaza, akapima yote sita upya. Muda aliotumia kupima ulikuwa mrefu mara tatu ya muda wa kukata.

Nilisimama pale nikifikiria ile ya kwanza. Hakuna aliyeipima hata bonde moja.

Alipowasha, chuma kilianza kutoka kama uzi, kikijikunja na kubadilika rangi kuwa ya majani makavu. Alikata nusu milimita, akazima, akapima. Akakata robo. Akapima. Mwisho akapitisha kisu taratibu mara mbili bila kuongeza kina, kwa ajili ya kulainisha tu. Tundu likasoma 58.0. Nilikuwa nimemwambia alibane liingie kwa nguvu, nikidhani ndiyo uimara. Akakataa. "Habu yako ina raba," akasema. "Sproketi lazima ijizungushe kidogo juu ya shingo raba zinapobonyea. Ukiibana, raba hazifanyi kazi, mshtuko wote unakwenda kwenye bolti. Iteleze, ila isicheze." Moja ya kumi ya milimita, na grisi katikati. Kabla ya kuitoa akavunja makali ya tundu pande zote mbili kwa kisu cha pembe, ili ikae hadi chini kabisa ya shingo bila kukwama kwenye kona. Akanitoza shilingi elfu kumi. Ningelipa zaidi.

Sehemu iliyobaki nilifanya mwenyewe barazani, jioni mbili.

Sproketi za bei yetu hukatwa kwa kupigwa na mashine, na upande ambao chuma kimetokea kunabaki ukingo mkali uliochomoza, kama mdomo wa kopo lililofunguliwa. Pitisha kidole polepole utausikia. Ukingo ule ndio unaokwaruza ndani ya bamba za cheni wiki ya kwanza, na unga wake unachanganyika na mafuta ukawa msasa. Tupa haiwezi kuuondoa kwa sababu jino ni gumu, kwa hiyo nilitumia jiwe la kunolea visu, lile la kijivu, na maji kidogo. Jino moja, upande wa nje na wa ndani, mara tano tano kwa pembe ndogo. Sikugusa bonde wala mgongo wa jino, umbo lile ni la kiwandani na mkono hauna ruhusa hapo. Makali tu. Binti yangu akawa anatia nukta ya chaki kwenye kila jino nililomaliza. Jioni ya kwanza tulifika 26, giza likatukuta.

Nilipomaliza niliiosha kwa petroli, nikaifuta, nikaziba tundu la katikati na matundu ya bolti kwa vitambaa, nikapaka redoksaidi, rangi ya kuzuia kutu, mipako miwili myembamba kwenye ubavu. Ukungu wa Magamba hauachi chuma kitupu. Meno sikupaka, cheni ingeyavua rangi siku hiyohiyo na kuila.

Kufunga hakukuwa na mengi. Raba nne za habu niliweka mpya, za zamani zilikuwa zimekauka hadi kupasuka. Grisi nyepesi kwenye shingo, sproketi ikashuka kwa uzito wake yenyewe na kusimama na sauti fupi, "tap." Sauti ile niliirudia mara tatu, naitoa na kuiweka. Klipu kubwa ikaingia kwenye mfereji wake, nati nikakaza kwa kuvuka, moja kisha iliyo mkabala nayo, kisha nikakunja masikio ya washa kila nati. Sproketi ndogo ya mbele nayo mpya, meno 15, kwa sababu cheni mpya juu ya sproketi ya zamani inazeeka nayo. Cheni nilikata ikabaki 118, na klipu ya kiungo nikaiweka upande wake uliozibwa ukitangulia mwendo wa cheni, ili hata ikigonga kitu isifunguke. Nikanyoosha uzi kutoka sproketi ya nyuma hadi ya mbele kuona kama ziko mstari mmoja.

Kisha nikazungusha gurudumu kwa kidole, kidole kingine chini ya cheni. Milimita 25. Robo mzunguko, 25. Nusu mzunguko, labda 27. Nikazungusha tena na tena nikingoja ikazike mahali, haikukazika.

Baada ya kilomita mia za kwanza nilikagua nati, zilikuwa palepale, cheni nikaivuta kidogo sana. Gia ya pili inapanda kona ile ya mwisho na viroba viwili vya karoti na mwenye karoti, bila kulia. Alhamisi iliyopita yule mama alipanda tena. Tulipofika juu alishuka, akainama upande wa kushoto, akaitazama sproketi na ile redoksaidi yake, akaigusa kwa ncha ya kidole.

"Hii ndiyo mpya?"

"Ndiyo, mama."

Akahesabu hela, akanipa, akaomba nimrudie saa tisa.